Matone ya Mjukuu

Kwenye kliniki ile kulikuwa na nesi mmoja ambaye ungemsikia kabla hujamwona. Watu walimwita Mama Matone, na jina likamganda mpaka hata mganga mkuu akimtafuta aliuliza, "Mama Matone yuko wapi?" Kazi yake ilikuwa chanjo. Sindano alizichoma kama manesi wengine wanavyozichoma. Lakini yale matone ya rota, anayodondoshewa mtoto mchanga mdomoni ili ugonjwa wa kuhara usije ukamlaza hospitali, hayo alikuwa na ibada nayo. Alimminya mtoto mashavu kwa vidole viwili, mdomo ukafunguka, akamdondoshea taratibu upande wa ndani wa shavu huku akimbembeleza: "Kunywa, bosi, kunywa. Ukikua hakuna atakayekupa kinywaji cha bure." Mtoto akishameza alipigwa kikofi cha tako na kurudishwa kwa mama yake.

Kabla ya kuanza kazi alisimama mbele ya benchi refu la mbao walipokaa kina mama na watoto wao, mkono mmoja kiunoni.

"Haya, mabibi, nisikilizeni. Na wewe wa simu, weka simu, huyo mume atapiga tena. Kuna kirusi kinaitwa rota. Kinakaa kwenye kinyesi, kinapanda kwenye vidole, kinaingia mdomoni. Usiniambie kwako ni kusafi. Kwa tajiri kinaingia, kwangu kinaingia, kwako kinaingia. Mtoto anaanza kutapika, halafu anahara maji matupu, na kabla hujamaliza kumpigia dada yako kumuuliza ufanye nini, macho yameshaingia ndani na mtoto hana hata chozi la kulilia. Nani anataka hayo?"

"Hakuna!" benchi lilijibu.

"Basi mbona wengine mnachelewa? Matone haya yana umri wake. Mtoto akiupita, hapa hatumpi, hata ulie mpaka kesho."

Aliyechelewa alikuwa na kazi siku hiyo. Mama Matone alimgeuza mtoto wake huku na huku mbele za watu, akamtazama kidevu, akauliza, "Ulikuwa unasubiri aote ndevu?" Benchi zima lingecheka, na mama wa watu angeinama akijifanya anamfunga mtoto nepi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ulimi mkali na moyo wa kazi, na kina mama walimcheka, wakamwogopa na kumpenda kwa pamoja. Ukipendwa na kuogopwa namna hiyo kwa muda mrefu, kichwa huvimba, na cha kwake kilikuwa kimevimba vya kutosha.

Alikuwa na mwana mmoja tu, dereva wa malori ya safari ndefu, aliyeoa binti mkimya wa kuongea kwa sauti ya chini. Mkwe huyo waliishi naye nyumba moja, na kwa kweli walipatana. Alipojifungua mtoto wa kiume, mnene, mwenye mikunjo ya mikono mpaka unashindwa kuona kiwiko kiko wapi, wakamwita Kibonge. Bibi yake alimwita "mume wangu". Akitoka kazini alianzia mlangoni, "Mume wangu ameshakula? Amenisalimia? Au amepata mke mwingine huko?" Mkwe alicheka akiziba mdomo kwa kiganja.

Siku mkwe alipompeleka Kibonge kliniki kwa mara ya kwanza, alikaa kwenye benchi kama wenzake. Mama Matone alipomwona alitoka na koti lake jeupe, akamshika mkono na kumnyanyua.

"Mjukuu wangu apange foleni? Tangu lini? Nenda nyumbani, mwanangu. Mume wangu nitamhudumia mwenyewe, chumbani kwake, kwa heshima zote."

Watu walicheka, mkwe akaona haya, akaondoka akitabasamu. Na kweli jioni ile Mama Matone alimchoma mjukuu wake sindano nyumbani, akamwimbia na kumpulizia paja. Matone hakuwa nayo. Yalikuwa yameisha kliniki na mzigo mpya haujafika. "Matone nitayaleta," alisema.

Mzigo ulipofika aliyaleta. Alikuwa anatoka kuchanja watoto mitaani, boksi la baridi begani, akapitia nyumbani. Mkwe alikuwa uani akianika nguo. Kibonge alikuwa amelala chali, ngumi mbili juu ya mto, anapumua kwa fujo kama mtu mzima. Bibi alimtazama, akaona dhambi kumwamsha. Barafu ndani ya boksi ilikuwa inaanza kulainika, ilibidi akimbize chupa zilizobaki kwenye friji ya kliniki. Akajisemea atarudi nazo kesho. Pale mlangoni mkwe aliingia na beseni tupu, akaliona boksi, akauliza, "Tayari, mama?" Naye, mguu mmoja nje, akajibu, "Wewe usiwe na wasiwasi na mume wangu." Kila mmoja akaenda na lake.

Kesho yake kulikuwa na watu wengi. Keshokutwa friji ilileta matatizo. Halafu ikaja semina, halafu mwenzake akaenda likizo ya uzazi, na kazi za wawili zikamwangukia yeye. Mambo ya kawaida kabisa. Mjukuu yuko chumba cha pili, matone yako kwenye friji anayoifungua kila asubuhi kwa mkono wake, na katikati hakuna hata mtu mmoja wa kumkaripia kwamba anachelewa.

Alikuja kushtuka kazini. Mama mmoja alikuwa amesimama mbele yake na mtoto mkubwa mkubwa, na Mama Matone alikuwa ameshaanza: "Huyu umemleta leo kwa chanjo au kwa harusi? Amezaliwa lini?" Mama akataja. Ilikuwa wiki ile ile aliyozaliwa Kibonge. "Umechelewa, ma..." alisema, na neno likamfia mdomoni. Aliingia stoo, akasimama mbele ya friji bila kuifungua. Kibonge alikuwa ameshapita umri.

Angeweza kusema jioni ile ile. Angemwambia mkwe, "Mwanangu, nimefanya uzembe, tuwe waangalifu na huyu mtoto." Mkwe angesikitika na yangepita. Lakini Mama Matone alifikiria benchi. Alifikiria ndevu alizowatafuta watoto wa wenzake kwenye kidevu. Akaona haya, akanyamaza, akajiambia kwamba mtoto ni mnene, ana afya, na si kila mtoto huugua.

Kibonge aliugua. Asubuhi alitapika maziwa, mkwe akadhani ameshiba kupita kiasi. Kisha akaanza kuhara, maji matupu, nepi baada ya nepi. Mkwe alimchanganyia dawa ya maji, ile ya pakiti ya chumvi na sukari, akamnywesha kwa kijiko, na mtoto akairudisha yote kifuani kwa mama yake. Mchana alipiga simu kliniki. Mama Matone alitoka mbio na koti lake, akamkuta mume wake amelegea kama kitambaa kilicholowa, utosi umebonyea, macho yameingia ndani. Alimfinya ngozi ya tumbo. Ilikaa juu, haikurudi. Ni jambo alilowasimulia kina mama miaka mingi, na siku hiyo alimbeba mtoto, wakakimbia hospitali.

Wodi ya watoto ilikuwa imejaa. Daktari, kijana mrefu mwenye adabu, alimpokea Kibonge mwenyewe, na huku akimtazama akamuuliza mama wa mtoto maswali yake. Ameanza lini? Ana homa? Ananyonya?

"Na matone ya rota alipata?"

"Amepata yote, daktari," mkwe alijibu, na katikati ya hofu yake sauti ilipanda kwa fahari. "Amepewa na bibi yake mwenyewe. Huyu hapa."

Kadi ya mtoto ilikuwa imebaki nyumbani, na hakuna aliyeona haja ya kuifuata. Daktari aliinua macho, akamwona Mama Matone amesimama nyuma ya mkwe wake, akatabasamu. "Basi hapo sina swali."

Kina mama wa vitanda vya jirani walikuwa wanasikiliza. Mama Matone alifungua mdomo. Alijua kabisa neno linalotakiwa kutoka. Lililotoka lilikuwa jingine. "Daktari, jaribu mshipa wa mguuni, wa mkononi utakusumbua," alisema. Daktari akamshukuru, akapata mshipa mguuni, na dripu ikaanza kuingia. Mama Matone alisikia uso unamwaka moto. Alienda dirishani akajifanya anarekebisha pazia.

Majibu ya kipimo yalirudi: rota. Daktari alikuja kitandani na kichupa kidogo mkononi, macho yamemchangamka kama mtu aliyepata fumbo.

"Mama, huyu mjukuu wako ananishughulisha. Mtoto aliyemaliza dozi zake mara nyingi hapati rota kali namna hii. Nataka choo chake nikipeleke maabara kuu waangalie ni aina gani ya rota. Wakubwa watapenda kujua."

"Ni sawa, daktari," alisema Mama Matone. Angeweza kusema nini tena? Uongo wake sasa ulikuwa unafungiwa kwenye boksi la barafu na kupelekwa kwa wataalamu.

Kitanda cha pili alikuwepo mshonaji, mwanamke mcheshi aliyemshonea Mama Matone koti alilovaa. Binti yake mkubwa alikuwa amelazwa kwa nimonia, na kichanga chake cha wiki chache alikuwa nacho kifuani. Alisubiri daktari aondoke, akauliza kwa sauti ambayo wodi nzima iliisikia:

"Mama Matone, usinichukie. Kumbe matone yako hayafanyi kazi? Kama mjukuu wako wewe mwenyewe amelala hivi, wa kwangu mimi je?"

Vijiko vilitulia kwenye vikombe. Na hapa ndipo Mama Matone alipofanya jambo baya kuliko kusahau. Kusahau ni ubinadamu. Hili alilifanya akiwa macho.

"Yanafanya kazi," alisema, akijinyoosha. "Ila rota haiko moja, shoga yangu. Ina aina nyingi. Hii ya mjukuu wangu ni aina nyingine. Matone hayaijui."

Nusu ya maneno hayo ilikuwa ya kweli. Kwenye semina walifundishwa kwamba rota ina aina nyingi. Walifundishwa pia kwamba hata aina zikibadilika, aliyepata matone kwa kawaida haugui sana kama asiyepata. Nusu hiyo ya pili aliimeza. Mshonaji aliguna, akamvuta mtoto wake karibu. "Aina nyingine," alirudia polepole, kama mtu anayekariri ili asisahau.

Kibonge alipona. Tuseme hilo mapema, kwa sababu bibi yake alikaa pembeni ya kitanda kile akiomba jambo hilo moja tu, na alilipata. Macho yalirudi mahali pake, akalia na machozi yakatoka, na mkwe akalia kwa kuyaona machozi. Walirudi nyumbani na mtoto mwembamba ambaye jina lake lilimpwaya kama shati la kuazima.

Lakini kliniki mambo yaliharibika. Benchi lilianza kuwa na nafasi. Mwanzoni Mama Matone alisingizia mvua, kisha akasingizia jua. Kisha mama mmoja alikuja kuchanja mtoto sindano, akakataa matone kwa upole.

"Hayo acha tu, Mama Matone. Si kuna rota mpya?"

"Nani amekwambia?"

Mama yule alimshangaa. "Si wewe? Wodini. Mji mzima unajua."

Alijaribu kuwafokea. Alijaribu kuwaeleza ile nusu aliyoimeza, lakini nani atasikia maelezo ya mtu ambaye mjukuu wake alikuwa juu ya dripu? Waliitikia kwa kichwa, wakafunga watoto migongoni, wakaenda. Mshonaji hakuonekana kabisa. Mtoto wake alikuwa ameshafika umri wa kuanza, na siku zinakimbia, hakuna aliyejua hilo kuliko Mama Matone. Mwishowe alimfuata dukani kwake. Alimkuta kwenye cherehani, vitambaa vimejaa mapajani, kichanga kimelala ndani ya kikapu cha mabaki ya nguo.

"Mbona hujamleta kijana?"

"Namleta, mama yangu, wala usijali." Mshonaji alikata uzi kwa meno. "Nasubiri tu yaje matone ya hii aina mpya. Kwa nini nimsumbue mtoto mara mbili?"

"Hayaji," alisema Mama Matone.

"Yatakuja. Zungumza na wakubwa wako huko." Akakanyaga cherehani, akacheka. "Wewe ndiye ulinifumbua macho. Ningempa haya ya zamani nikakaa nimebweteka."

Mama Matone alisimama pale akiitazama ile miguu midogo kikapuni. Neno lilikuwa kwenye ulimi. Mteja akaingia kujaribu gauni, na yeye akaaga, akatoka, akatembea kwa haraka mpaka akapita njia ya kwake bila kujua. Alikuwa anajichukia. Aliwahi kuwatetemesha wanawake wazima kwa sababu ya kuchelewa, na sasa yeye ndiye aliyekuwa anawachelewesha, mmoja baada ya mwingine, ili asionekane mzembe.

Alipofika nyumbani alimkuta mkwe uani, amechutama mbele ya beseni la maji yanayotoa moshi. Alikuwa anasugua chupa, vijiko, njuga za plastiki za mtoto, kila kitu. Hewa ilinuka dawa ya madoa. Vidole vyake vilikuwa vimebabuka, na kwenye vifundo ngozi ilikuwa imepasuka.

"Acha hiyo, mwanangu, mikono itakuisha."

Mkwe hakuinua uso. "Mama, nilikuwa nakusubiri. Naomba unisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Nimekuangusha. Wewe ulimpa mtoto kinga, mimi nikaiharibu kwa uchafu wangu. Mama mdogo, huyo mdogo wako, amenipigia simu, amenieleza. Amesema mtoto aliyepewa dawa na bibi yake hawezi kuugua vile ila kwa mama mchafu. Na kliniki wanakukimbia kwa sababu yangu. Sijui niliacha kuosha kitu gani, mama. Nafikiria kila siku, sikijui. Nisamehe."

Mama Matone aliona aibu ambayo hakuwahi kuijua. Ile ya kufikiria benchi ilikuwa mchezo wa watoto. Alitamani ardhi ipasuke immeze pamoja na koti lake. Alikaa chini pale pale, kwenye saruji iliyolowa, ana kwa ana na beseni.

"Sikumpa," alisema.

"Hukumpa nini?"

"Matone. Hata tone moja. Siku ile uliponiona na boksi alikuwa amelala, nikaondoka nayo. Nikasema kesho. Nikasahau, na nilipokumbuka umri ulikuwa umepita. Hukuharibu kitu, mwanangu. Hakukuwa na kitu cha kuharibu. Na ile aina nyingine niliitunga mimi. Rota haijali usafi wako. Ningempa matone yake, pengine angehara kidogo tu na kuendelea kucheza."

Mkwe aliacha kusugua. Njuga ilibaki mkononi, maji yakidondoka. Alipouliza, aliuliza kwa ile sauti yake ya chini.

"Siku ile daktari aliponiuliza, ulikuwa umesimama wapi?"

"Nyuma yako."

"Ulinisikia nilivyojibu?"

"Nilikusikia."

"Na Jumapili ile mama mdogo alipokuja hapa nyumbani akawa ananisema, ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

Mkwe aliitikia kwa kichwa. Alisuuza njuga, akaiweka juani, akamwaga maji ya beseni kwenye mfereji. Hakupiga kelele, na Mama Matone alizitamani hizo kelele. Angetukanwa angepata pa kushika.

Kesho yake asubuhi alipitia wodini kwanza. Alimvuta daktari pembeni akamwambia kwamba ile sampuli ya choo ihesabiwe kama ya mtoto ambaye hakupata matone. Daktari alimtazama kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. "Nilishawaandikia, mama," alisema. "Nilishawaambia ametoka nyumba ambayo siwezi kuitilia shaka." Akachukua simu na kuanza kutafuta namba ya maabara.

Kisha Mama Matone akaenda kliniki, kwenye benchi. Walikuwa wachache. Alisimama mahali pake pa siku zote, na mikono hakujua aiweke wapi.

"Leo sina utani," alianza. "Mlisikia mjukuu wangu aliugua rota. Mlisikia ni aina mpya. Hakuna aliyeniambia ni aina mpya. Nilitunga. Mjukuu wangu hakupata matone. Nilimwondoa kwenye foleni nikasema nitampa mwenyewe, nikasahau, akapita umri, nikaficha. Mama yake hana kosa, nyumba yake ni safi kuliko hii kliniki. Mwenye kosa ni mimi. Matone ni yale yale na yanafanya kazi ile ile, na waambieni wenzenu waliobaki nyumbani kwamba nimesema hivyo."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alisonya, sonyo refu la kutoka moyoni. Kisha akasimama mwingine, mwenye mtoto anayeanza kusimama dede, na Mama Matone alimkumbuka mara moja.

"Mimi ulinidhalilisha hapa hapa," alisema. "Mama yangu alikuwa amelazwa, nilikuwa namuuguza, ndiyo maana nilichelewa. Hukuniuliza. Ulimtafuta mwanangu ndevu. Wa kwako je, zimeshaota?"

Hapo ndipo benchi lilipocheka, na lilicheka mpaka watoto wakalia. Mama Matone alisimama akapokea. Chozi lilimtoka, akaliacha lishuke, hakuwa na uso wa kulificha.

"Sasa tukuamini vipi?" aliuliza mmoja wa mbele.

"Msiniamini. Simameni karibu muone kwa macho yenu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Zamani kina mama walimpa mtoto huku wakiangalia pengine, wakipiga soga. Sasa kila mmoja alisimama ubavuni kwake, akaomba aonyeshwe chupa, akachungulia mdomoni mwa mtoto kuhakikisha amemeza. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Walifanya kama unavyochungulia mizani ya muuza duka aliyewahi kukupunja. Habari ilisambaa kwa kasi ile ile iliyosambaa nayo ya kwanza, na kila siku ya chanjo benchi likazidi kujaa.

Mshonaji alikuja akiwa wa mwisho, kijana wake bado yumo ndani ya umri. Hakuwa na ucheshi. Alimkalisha mtoto mapajani, akamwangalia Mama Matone kuanzia kola ya lile koti mpaka viatu.

"Ningekuwa nasubiri mpaka leo," alisema.

"Najua."

"Angepita umri, na ningekuja hapa ungeniambia nimechelewa."

"Ndiyo."

Mshonaji alivuta pumzi. "Mkwe wako yuko wapi? Nilitaka nimwombe radhi. Na mimi nilimsema."

"Amekwenda kwao na mtoto."

"Atarudi lini?"

"Hakusema." Mama Matone alifungua chupa. Mwanawe alikuwa bado safarini na lori, na alikuwa ameshaongea naye kwenye simu, maneno machache mno kwa mtoto wa pekee. "Alichukua nguo za mtoto zote. Hata za baadaye, zile kubwa ambazo bado hazijamtosha."

Mshonaji alimweka mtoto sawa mapajani. Pengine alitaka kusema pole, lakini hakuisema, na Mama Matone hakuitegemea.

"Mlete," alisema.

Mshonaji alimfungua mtoto mdomo mwenyewe, kwa kidole chake, akainama karibu kabisa, na hakupepesa macho mpaka tone la mwisho lilipoingia.